Sukuma Kabla ya Jalidi

Watu wa kijijini kwetu wanasema Habbo, yaani mimi, ana wivu. Wanakosea. Mwenye wivu ni mtu anayeona mambo ambayo hayapo. Mimi niliyoyaona yalikuwapo, tena mezani kwangu, kila Jumapili saa tisa alasiri, yamefunga skafu ya buluu na kunyoa ndevu mpaka mashavu yanang'aa.

Mtu mwenyewe anaitwa Tamme. Mwezi wa Septemba aliuza nyumba yake akahamia mjini Leer, kwenye fleti ya ghorofani karibu na binti yake, na fleti hiyo haina bustani wala kibaraza. Tatizo likawa kobe wake. Ni kobe jike, mkubwa kama bakuli la supu, anaitwa Trude, na kobe hawezi kuishi kwenye zulia. Tamme anasema alizunguka kijiji kizima akitafuta mtu wa kumpokea. Mimi nasema alikuja kwetu moja kwa moja. Nilikuwa bustanini napalilia, na niliporudi nilimkuta mke wangu, Theda, amepiga magoti sakafuni anamlisha yule mnyama majani, na Tamme amepiga magoti ubavuni pake. Katikati ya vichwa vyao usingepitisha gazeti.

"Habbo, tumepata mgeni," Theda akasema.

"Wa kupita au wa kulala?"

"Wa kulala."

"Namuuliza huyo mwenye viatu," nikasema.

Tamme akacheka kwa sauti, meno yote nje. "Shemeji, mumeo hajabadilika hata kidogo!"

Anamwita mke wangu shemeji, na mimi simwiti ndugu. Wanajuana tangu ujana. Kabla sijamwoa Theda, hao wawili walicheza dansi pamoja majira ya baridi mazima kwenye ukumbi wa kijiji, Tamme akiwa amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye matope yetu! Hapo unamjua mtu bila kuambiwa zaidi.

Wakakubaliana, wao wawili, kwamba Trude atakaa kwenye nyumba yetu ndogo ya vioo iliyo mwisho wa bustani, na Tamme atapanda basi kila Jumapili kuja kumwona. Kumwona Trude, alisema. Nilijitia hamnazo. Nilifikiri Jumapili mbili tatu zitapita, mvua itaanza, na mtu wa viatu vyeupe atachoka na matope.

Mvua ilianza, naye hakuchoka. Alikuja mwezi wote wa Oktoba, upepo wa baharini ukivuma juu ya tuta linalozuia bahari na kuangusha majani yote ya mti wa tofaa. Alikuja na keki, alikuja na mbegu za maua, siku moja alikuja na mwavuli mpya kwa sababu wa Theda ulikuwa umevunjika. Yeye alijuaje kuwa mwavuli wa mke wangu umevunjika? Mimi nilikuwa naishi na mwavuli ule na sikujua.

Halafu ile chai. Huku kwetu sheria ya chai inajulikana na kila mtoto: vikombe vitatu, sukari ya mawe chini, malai juu, na hukorogi. Ukitosheka unatia kijiko ndani ya kikombe, na mwenye nyumba haongezi tena. Kijiko cha Tamme hakikuijua njia ya kikombe. Kilikaa kwenye sahani, na Theda akamimina cha nne na cha tano huku akimsikiliza, kiganja shavuni, anacheka. Zamani mimi nilikuwa nachukua kikombe changu na kwenda kunywa bandani, kwenye zana zangu, kwa amani. Sasa ningeendaje bandani? Nikakaa mezani kama askari wa zamu.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Tamme anasimulia goti lake lilivyopasuliwa," Theda akasema.

"Goti linachekesha?"

"Inategemea nani anasimulia, mzee," akanijibu, akamwongezea malai.

Baada ya chai walikwenda kumwangalia Trude. Nilisimama nje kwenye upepo, katikati ya mboga zangu za sukuma, nawaona kupitia vioo. Migongo miwili imeinama, taa ya joto inawaka juu yao, na mimi masikio yameganda. Nasema wazi: roho iliniuma. Iliniuma mpaka nikamkasirikia kobe, ambaye hakuwa amenikosea chochote zaidi ya kuzaliwa na gamba.

Wacha niseme kidogo juu ya sukuma hizo. Mbegu yake ni ya baba yangu, ile inayokua mpaka kifuani kwa mtu, majani yake yamejikunja. Mtu yeyote huku anaweza kupanda maua mazuri, lakini wanaume huheshimiwa kwa sukuma yao ya Novemba. Na haikatwi kabla ya jalidi. Lazima usubiri ule umande unaoganda usiku na kuyafanya majani meupe na magumu asubuhi, ndipo ukali unatoka na utamu unaingia. Kisha mke wa nyumba anaipika nusu siku nzima, na mafuta ya nguruwe na soseji za moshi, na sufuria ya kwanza ya mwaka inaliwa nyumbani, mume na mke. Anayekata kabla ya jalidi hana subira, na mtu asiye na subira huku kwetu hata tuta hakabidhiwi.

Mwanzoni mwa Novemba nikapata habari iliyonifurahisha kuliko zote. Tulikuwa mezani, Tamme akasema kwa huzuni, "Jamani, Trude wangu anakaribia kulala."

"Kulala wapi?" nikauliza.

"Usingizi wa baridi. Mpaka Machi. Zamani nilimweka chini ya nyumba, kulikuwa na baridi ya kutosha. Siku hizi watu wanatumia friji. Unamweka kwenye kasha lenye udongo na majani makavu, unaliingiza kwenye friji, basi. Ila kwenye fleti yangu friji ni dogo, limejaa mtindi wa binti yangu."

Mpaka Machi! Nilipiga hesabu kichwani kwa haraka. Kobe akilala, haangaliwi. Asipoangaliwa, hakuna Jumapili. Nani anapanda basi kuja kulitazama friji lililofungwa?

"Atalala kwenye friji langu la bandani," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Theda alinitazama kwa muda mrefu. "Friji lako la bia, Habbo?"

"Bia itakaa nje. Baridi ipo ya bure."

"Mume wangu kaanza kumpenda Trude," Theda akasema, lakini hakutabasamu.

Tamme alinishika mkono, machozi yakimlengalenga. Kisha akatupa masharti. Kuanzia siku ile Trude afunge. Asipewe chochote, hata jani moja, aogeshwe maji ya uvuguvugu kila baada ya siku chache mpaka tumbo lake liwe tupu kabisa. Akilala na chakula tumboni, chakula kinaoza ndani, na mnyama anakufa usingizini bila hata kukohoa. "Hata jani moja, shemeji," akarudia, kidole juu. Tukapanga kumlaza Jumapili ya katikati ya mwezi.

Nililisafisha friji lile kwa siki. Niliweka kipimajoto ndani nikakiangalia asubuhi na jioni. Nilikusanya majani makavu ya mti wa jirani, nikayachambua moja moja. Jirani akaniuliza juu ya ua kama nimepata mjukuu. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu kiangazi, nikipita kwenye nyumba ya vioo namwambia Trude, "Lala mama, lala salama, na mwenyewe asirudi."

Jumamosi, siku moja kabla, nilikwenda kukagua sukuma. Jalidi lilikuwa halijaanguka. Nikapita safu ya mbele, sawa. Safu ya pili, sawa. Kwenye safu ya nyuma, ile isiyoonekana kutoka njiani, nikasimama. Majani laini ya katikati hayakuwapo. Si njiwa, maana njiwa anadonoa, na si paa, maana paa anararua. Yalikuwa yamekatwa kwa kisu, vizuri, kwa mkato wa mshazari, na katika nyumba ile mtu anayekata mshazari ni mmoja tu.

Jumatano nilikuwa kwenye mkutano wa watu wa tuta mchana kutwa. Basi la kutoka Leer linapita mara nyingi siku ya Jumatano. Nikaona kila kitu kama kimechorwa: Tamme mezani, kitambaa shingoni, na mke wangu anampakulia sufuria ya kwanza ya mwaka. Sufuria ya kwanza! Angembusu njiani mbele ya kanisa, ningeumia kidogo zaidi ya pale, na si kwa mengi.

Niliingia jikoni wakati Theda hayupo. Nikainusa sufuria kubwa. Ilinukia sabuni. Aha, nikasema, kaiosha. Nikafungua friza nikaangalia soseji za moshi. Zilikuwa zimetimia zote. Aha, nikasema, kaja nazo mwenyewe. Kadiri nilivyokosa ushahidi ndivyo nilivyozidi kuamini.

"Unatafuta nini?" Theda aliuliza mlangoni, kapu la nguo mkononi.

"Chumvi," nikasema, na chumvi ilikuwa mbele ya pua yangu.

Jumapili Tamme alifika amevaa koti jipya, na ua moja la waridi kwa ajili ya Theda, "kumshukuru kwa msimu mzuri." Mimi nilikuwa nimenyoa tangu asubuhi na kuvaa shati la harusi za watu. Tukakaa. Kikombe cha kwanza kikapita. Cha pili nikashindwa.

"Tamme," nikasema, "ilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Sukuma yangu."

Akaweka kikombe chini. "Sukuma gani?"

"Ya Jumatano. Usijifanye. Majani ya safu ya nyuma yamekatwa."

"Habbo, jalidi halijaanguka bado."

"Najua halijaanguka!"

"Na wewe unasema mimi nimekula sukuma kabla ya jalidi?" Uso wake ulibadilika rangi. Alisimama. "Mimi? Nimezaliwa huku kama wewe! Baba yangu kazikwa hatua chache kutoka kwa baba yako! Niite mwizi, niite chochote unachotaka, lakini usiniambie mimi nakula sukuma mbichi ya vuli kama mtalii!"

Sikutegemea jibu hilo. Nilitegemea aone haya, naye alikuwa amekasirika kwa haki, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwamini papo hapo. Mtu wa huku hawezi kudanganya juu ya jambo lile. Nikamgeukia Theda. Alikuwa analitazama buli, mikono mapajani.

"Ngoja nimwogeshe Trude wangu mara ya mwisho, nimlaze, niende zangu," Tamme akasema, akatoka bila koti.

Hakukaa sana. Alirudi amebeba beseni la kuogeshea, maji yanamwagika sakafuni, akalisukuma chini ya pua yangu. Maji yalikuwa ya kijani na ndani yake kulikuwa na mavi mapya ya kobe.

"Huyu amekula," akasema. "Amekula jana au juzi. Ningemweka kwenye friji leo, angeoza akiwa hai. Nani anamlisha?"

"Ni wewe," akaniambia. "Sasa naelewa. Bia zako ulizitoa haraka hivyo kwa nini? Majani umechambua mwenyewe, friji umeosha mwenyewe. Nikasema Habbo ana moyo, kumbe unamchimbia kaburi mnyama wangu! Umemnenepesha ili afie ndani."

Kila nilichokifanya kilinishuhudia vibaya. Sikuwa nimemchukia yule kobe kiasi hicho, nilimchukia mwenye kobe tu, lakini maneno hayo hayakuwa ya kujitetea nayo. Nilijiona kwa macho yake, mzee mmoja mwenye shati safi anayeua wanyama kwa chuki. Kesho asubuhi kijiji kizima kingejua, na nani asingeamini?

"Mwache mume wangu," Theda akasema. "Ni mimi."

"Shemeji!"

"Nilimpa majani ya sukuma. Jumatano, na juzi tena. Nisingekuacha umlaze, Tamme. Nilikuwa nakusubiri umalize chai nikuambie."

"Lakini kwa nini? Nilikueleza!"

"Nilimwonea huruma. Alikuwa ananitazama."

Hasira ya Tamme ilishuka taratibu. Huruma ni kitu alichoweza kuelewa. Akamgombeza kidogo, kwa upole, jinsi mtu anavyomgombeza bibi yake, kisha akasema hakuna jingine, Trude aanze kufunga upya, alazwe Desemba, naye atakuja Jumapili zote kusimamia. Aliniomba radhi. Nilimpa mkono, na mkono wake ulikuwa wa joto, nikauachia upesi. Theda alimsindikiza mpaka mlangoni, na basi likamchukua.

Aliporudi nilikuwa bado nimekaa.

"Huruma," nikasema.

Akaanza kukusanya vikombe.

"Ulimlisha ili asilale. Unataka Tamme aendelee kuja."

"Ndiyo," akasema. "Nataka."

Miezi miwili nilikuwa natafuta neno hilo kila mahali, kwenye sufuria, kwenye friza, kupitia vioo, na sasa nimepewa mkononi sikujua pa kuliweka. "Unampenda?" nikauliza.

"Tamme?" Alivirudisha vikombe mezani. "Habbo, nalijua goti la Tamme kuliko goti langu. Kila Jumapili linapasuliwa upya. Nacheka ili nisilale."

"Sasa wamtakia nini?"

"Kabla ya kobe huyu ulikuwa unakunywa chai yako bandani. Sijui kama unakumbuka. Nilikuwa nakunywa hapa na redio. Toka Tamme aje, unakaa mezani. Unanyoa. Umevaa shati ambalo nililinunua nikakata tamaa. Unaniuliza nacheka nini, nimetoka wapi, nani kapiga simu. Nilikaa na wewe miaka hujaniuliza nimetoka wapi, Habbo. Ningeweza kutoka mwezini na vumbi lake, ungeniambia nifunge mlango." Alivuta pumzi. "Nilijua Trude akilala, Tamme haji. Na Tamme asipokuja, wewe unarudi bandani mpaka Machi. Basi nikachukua kisu nikaenda safu ya nyuma."

"Umenichezea."

"Nimekuchezea. Na ulinipendeza."

Sikujua nikasirike wapi. Nilikuwa na haya na nilikuwa na hasira, na chini ya vyote hivyo wivu ulikuwa palepale, haukusogea, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelijibu.

"Wakati ule wa dansi," nikasema. "Ungeolewa naye?"

Hakuharakisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alifikiri kwanza. "Angeniomba, ningeolewa naye."

"Hakukuomba."

"Hakuniomba. Wewe uliniomba. Ulikuja umelowa mpaka kwenye viatu, ukaomba kama mtu aliyekwisha kunyimwa, na mimi nikasema huyu hataacha kunitaka." Alifuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Tangu siku ile hujaniomba chochote zaidi ya chumvi."

Nilisimama nikaenda mlangoni. Banda lilikuwa pale nje, taa yake, kiti changu, friji lililooshwa kwa siki. Nilishika kitasa. Theda hakunizuia. Alianza kuosha vikombe, mgongo umenielekea, naye alikuwa anajua hatua yangu inayofuata kama anavyojua njia ya duka.

"Theda," nikasema. "Nakuomba."

Maji yakaacha kutiririka. "Unaniomba nini?"

Sikuwa nimefikiria. "Nakuomba uniambie mlicheza dansi gani."

Aligeuka kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akafuta mikono, akakaa, akaniambia. Haikuwa fupi. Aliniambia nyimbo, na nani alipiga kodiani, na mkono wa Tamme ulikuwa wapi mgongoni mwake, na jinsi Tamme alivyokuwa anahesabu hatua kwa midomo bila sauti. Akasimama akanionyesha hatua zenyewe kwenye sakafu iliyomwagikiwa na maji ya kobe, mikono imemshika mtu ambaye hayupo, uso wake una miaka ishirini. Nilimchukia Tamme kwa kila hatua. Theda alipoona uso wangu akasimama, akauliza kama aache.

Nikamwomba aendelee.